Sura ya Tano: Lesoni na Sahani ya Chinsaga

Jumamosi asubuhi, katika makanisa ya Waadventista huko Kisii na Nyamira, waumini hugawanyika katika vikundi vya Shule ya Sabato kabla ya mahubiri. Kila kikundi kina mwalimu, na kina karani mwenye kadi. Karani huuliza ni nani aliyesoma lesoni, yaani somo la Biblia la juma hilo, kila siku. Kisha huuliza habari za kazi: wagonjwa waliotembelewa, wahitaji waliosaidiwa, watu waliofundishwa Biblia. Mikono huinuliwa, hesabu huandikwa, ndipo mjadala huanza. Naiheshimu sana kadi hiyo kwa sababu haimwachi msomaji wa Maandiko aketi tu na usomaji wake. Hata hivyo, kuna jambo ambalo karani yeyote hawezi kulihesabu, nalo ndilo tunalolichunguza hapa: iwapo yaliyosomwa yamemgusa msomaji.

Mwaka 1870 padri Mwingereza John Henry Newman alitoa kitabu kuhusu namna mtu anavyolikubali jambo. Alitofautisha kulikubali kama wazo na kulikubali kama kitu kilichosimama mbele yako. Mtu anaweza kukiri maisha yake yote kwamba Mungu ndiye mlinzi wake, akakiri bila unafiki wowote, na ukiri huo usimguse hata siku moja. Mtume Yakobo alikuwa mkali zaidi: alisema mashetani nao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja.

Katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, kanisa lilikuja pamoja na shule. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa muda mfupi baadaye. Aliyetaka ubatizo alipitia darasani kwanza. Lakini Septemba 1914, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika Kisii na maofisa wa serikali wakauhama mji, wenyeji waliupora mji huo pamoja na misheni. Siwalaumu. Fundisho lilikuwa bado mali ya wageni, tena wageni wa rangi moja na serikali iliyowapiga kwa bunduki mwaka 1905 na tena 1908.

Leo hakuna anayeliona fundisho hilo kuwa la wageni. Karibu kila mtu hujiita Mkristo. Hata hivyo, Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, umati uliwaua na kuwachoma moto wanawake wanne wazee kwa tuhuma za uchawi. Mei 2008 watu zaidi ya 10 waliuawa vivyo hivyo katika eneo la Kisii. Wepesi wa kujibu husema wauaji hawakufundishwa. Mimi sikubali. Mtoto wa Kisii hukua akisikia kwamba Kristo amezishinda nguvu za giza, na ukimuuliza mchana atakujibu vizuri. Hofu ya omorogi, yaani mchawi, huja usiku, mtoto anapougua ghafla, na wakati huo hakuna anayeulizwa katekisimu. Tena kuijua Biblia peke yake si kinga: anayetafuta ruhusa ya kuua anaweza kuishika Kutoka 22:18, inayoamuru mchawi asiachwe kuishi. Na palipo na watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, shamba la mjane lina wengi wanaolitamani.

Sasa chukua omong'ina mmoja, mama mzee mjane, ambaye kijiji kimeanza kumnong'ona. Watoto wanakatazwa kupita kwake. Hakuna anayekula kwake, kwa kuwa inasemwa omorogi hudhuru kupitia chakula. Mzee wa kanisa anapoingia boma hilo jioni, majirani wakimwona, akanawa mikono, akamega obokima, yaani ugali, wa wimbi na kuula pamoja na mboga za chinsaga alizopika mama huyo, lile wazo la Newman limepata mwili. Pengine mzee mwenyewe anaogopa. Anakula hivyo hivyo. Kesho yake anaonekana sokoni akiwa mzima, na wanaochochea umati wamepungukiwa hoja.

Je, basi tuache lesoni tubaki na matendo? Hapana, na wanaohubiri hivyo wanawapokonya waumini silaha. Matangani, mtu anapouliza ni nani aliyemuua marehemu, aliyekisoma kitabu cha Ayubu ana la kusema: rafiki za Ayubu nao walishikilia kwamba hakuna msiba usio na mkosaji, na Mungu akawakemea. Asiyekisoma ana huruma tu, na huruma isiyo na hoja hunyamazishwa upesi na wenye sauti kubwa.

Ningependa darasa la ubatizo liongezewe kazi moja kabla ya siku ya maji: mwalimu awachukue wanafunzi wake wakale katika boma la mtu anayenong'onwa hivyo, waziwazi, na warudi tena. Na makambi ya ibada ya Agosti, yanayokusanya watu wa mitaa mingi, yatenge siku nzima ya kulifundisha suala la tuhuma za uchawi kwa jina lake, machifu na wazee wa vijiji wakiwa wamealikwa.