Konveta ikikaa vibaya, mechi ya Ruangwa utaisikilizia Somanga

Tangu Namungo wapande Ligi Kuu msimu wa 2019/20, barabara ya kusini imepata wateja wapya. Wauaji wa Kusini hawakupanda kinyonge. Msimu huohuo walitinga fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, wakalala 2-1 mbele ya Simba, kisha wakacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba au Yanga wakienda Uwanja wa Majaliwa, Noah na Hiace zenye skafu madirishani zinapita Daraja la Mkapa na Somanga, zinaokota wa Kilwa pale Nangurukuru, zinakata kulia Mingoyo kuitafuta Ruangwa.

Zamani adui wa safari hiyo alikuwa tope la Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi. Lami ikaja. Ikabaki mvua ya kutisha kama ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, iliyokata barabara pale Somanga. Siku za kawaida anayekwamisha watu ni gari lenyewe, na kwenye otomatiki kuna kifaa kimoja ambacho wengi hawakijui mpaka kiwaumbue: toki konveta.

Huyu ndiye kiungo wa kati. Anapokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi kwa kutumia oili, ndiyo maana otomatiki husimama kwenye D bila kuzima. Pia shingo yake ndiyo inayozungusha pampu ya oili ya giaboksi. Hapo kwenye shingo ndipo balaa linapoanzia.

Konveta ya kiwandani ni ghali, hivyo wengi hununua ya kampuni nyingine au iliyofumuliwa na kufungwa upya. Si dhambi, zipo nzuri tu. Shida ni kuifunga Ijumaa jioni kwa papara kwa sababu mechi ni kesho.

Konveta inaingia kwa hatua. Fundi anaizungusha huku akiisukuma, inazama mara mbili au tatu: meno ya shafti yanashika, kisha nafasi za shingoni zinaingia kwenye pampu. Ikikosa ule mzamo wa mwisho, kwa macho inaonekana imekaa. Fundi anasogeza giaboksi, anakuta nafasi kati yake na injini, anaamua kuivuta kwa boliti. Kosa kubwa hilo! Boliti zinaibana konveta juu ya pampu na kuivunja hata kabla gari halijawashwa. Giaboksi na injini lazima zikutane kwa mkono. Zikigoma, toa, anza upya.

Zikishakutana, kabla ya kufunga boliti za konveta, izungushe. Izunguke kirahisi, na pawe na nafasi ndogo kati yake na flaiwili, kwenye gari nyingi milimita 3 hadi 5 hivi. Kipimo kamili kinatoka kwenye kitabu cha gari husika. Hakuna nafasi kabisa? Haijazama. Nafasi imezidi sana? Huenda konveta si ya gari hilo, na ukiivuta mbele shingo itashika pampu kwa ncha tu.

Kwa hiyo ya zamani isitupwe. Zipangwe mbili mezani: urefu, unene wa pua inayoingia kwenye krenki, idadi ya meno, matundu ya boliti. Hata boliti zipimwe, maana ndefu kupita kiasi hutoboa au kubonyeza ganda la konveta. Na imiminiwe oili kidogo kabla ya kufungwa, pampu isianze kazi kavu.

Kama gari limeshafungwa na lina kelele, sikiliza vizuri. Mluzi unaopanda na kushuka na resi, hata kwenye N na P, unaelekeza kwenye pampu. Oili inayodondoka pale injini na giaboksi zinapoungana ni sili ya shingo, na huenda konveta haikukaa katikati. Gari kuchelewa kuondoka ukitia D, angalia kwanza kiwango cha oili. Halafu kuna kugonga kwa chini, ko-ko-ko, ambako mafundi wengi hukimbilia kusema injini imekufa. Kabla ya kufungua injini, kagua boliti za konveta na nyufa kwenye flaiwili. Boliti iliyolegea inagonga vilevile kama injini iliyochoka, na wapo waliouziwa injini nzima kwa ajili yake.

Gari likishafungwa lisiende moja kwa moja Ruangwa. Lizungushwe mjini nusu saa, oili ipate moto, lipaki juu ya boksi safi, kisha mtu aangalie chini.

Na likigoma njiani, kulisukuma liwake ni kupoteza jasho. Kulivuta kwa kamba kutoka Somanga hadi Nangurukuru ni hasara nyingine: injini ikiwa imezima pampu haizunguki, giaboksi inasagika bila oili. Ita bredidauni ya kulipakia, au ya kunyanyua matairi yanayoendesha gari, yawe ya mbele au ya nyuma. Abiria wapandishwe basi la Lindi mapema, kipindi cha pili wanaweza kukiwahi.