Msichana Anayesahau Masomo Huenda Amepungukiwa na Chuma

Binti akisinzia darasani na kusahau upesi, tusikimbilie kumwita mvivu. Huenda mwili wake umepungukiwa na madini ya chuma. Madini haya huiwezesha damu kubeba hewa ya oksijeni hadi kwenye ubongo, na ubongo wenyewe huyahitaji ili ufanye kazi. Msichana huyapoteza kila mwezi anapopata hedhi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996, uliofanywa huko Baltimore, Marekani, wasichana wa sekondari waliopungukiwa na chuma, ingawa damu yao ilikuwa bado ya kutosha, walipewa tembe za chuma kwa wiki 8. Katika mtihani wa kukumbuka maneno waliwashinda wenzao waliopewa tembe zisizo na dawa.

Tufanyeje basi? Tumpikie maini, omena, ndengu, maharagwe na terere. Tuongeze chungwa au ndimu, maana husaidia mwili kuchukua chuma. Chai asinywe pamoja na chakula. Angoje kama saa moja. Tena nyama isiwe ya baba na wavulana peke yao! Akizidi kuchoka, apelekwe zahanati apimwe damu. Tembe asipewe kwa kubahatisha.