Kabla ya kununua vioo vya madarasa, chunguza jua

SHULE nyingi zinapojenga madarasa mapya, vioo vya madirisha huwa jambo la mwisho kufikiriwa. Fundi huulizwa bei, akalipwa, mambo yakaisha. Ilhali vioo hivyo ndivyo vitakavyoamua, kwa miaka mingi, iwapo wanafunzi watasoma kwa mwanga wa jua au kwa umeme unaolipiwa na wazazi.

Kioo cha tabaka mbili, chenye hewa iliyofungiwa katikati, husifiwa sana kwa kubana matumizi ya nishati. Sifa hizo ni za kweli, kwani joto linalopenya humo ni takriban nusu ya lile linalopenya katika kioo cha tabaka moja. Lakini kilibuniwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako majengo hupashwa joto na madirisha kufungwa kwa miezi kadhaa. Darasa la kawaida nchini Kenya halina kipasha joto wala kiyoyozi, na madirisha yake hushinda wazi. Anayenunua kioo hicho analipia akiba isiyokuwepo. Hata Limuru au Nyahururu, penye asubuhi za baridi kali, ni heri fedha hizo zizibe nyufa za fremu na kuweka dari chini ya mabati. Chumba cha kompyuta chenye kiyoyozi kina hesabu yake tofauti.

Nacho kioo cha rangi, kipendwacho na wenye ofisi za mijini, hupunguza joto la jua lakini hufifisha mwanga pia. Taa zinazowashwa saa nne asubuhi humaliza faida yote.

Kinachosalia ni kioo cheupe cha kawaida, kinachopitisha takriban asilimia 90 ya mwanga. Ila kwa kuwa hupitisha joto vilevile, yafaa jua lizuiwe kabla halijakigusa.

Hapa jiografia inatufaa. Ikweta hupita katikati ya nchi yetu, hivyo jua la mchana huwa juu sana. Mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Paa lililochomoza vyema hutia kivuli madirisha ya pande hizo mbili. Jua la mashariki na magharibi, hata hivyo, huja chini chini na kupenya ndani ya paa lolote. Kuta za pande hizo zisitiwe madirisha makubwa. Ikiwa jengo lilikwisha kusimama vibaya, veranda au miti itasaidia kuliko kioo cha bei ghali.

Namna ya kufungua dirisha nayo ina uzito. La kuteleza huacha nusu tu ya nafasi. La bawaba hufunguka lote. Isitoshe, mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka madirisha ya madarasa yasiwe na vyuma, tena yafunguke bila taabu. Penye vioo vya chini, vinavyofikiwa na watoto, ndipo pa kugharamia kioo kilichoimarishwa, ambacho kikivunjika huwa chembe butu.

Kisha vipanguswe mara kwa mara, maana vumbi la kiangazi nalo hula mwanga.