Kuzunguka dunia kwa daraja la biashara: Hoteli huchaguliwa kwa saa, si kwa nyota

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayenunua tiketi ya kuzunguka dunia katika daraja la biashara amekwisha kununua vitanda kadhaa kabla hajafikiria hoteli hata moja. Vitanda hivyo vimo ndani ya ndege. Kiti hulazwa kikawa tambarare, shuka na mto huletwa, na usiku mzima hupita juu ya bahari. Jambo hilo husahauliwa na wengi. Hutumia miezi wakilinganisha ndege, kisha hoteli za miji yote wakazichagua jioni moja kwa kuhesabu nyota. Matokeo yake ni kulipia chumba cha fahari usiku ambao wako angani, na kukosa chumba saa ile wanayokihitaji kuliko zote.

Tiketi yenyewe si fumbo. Huuzwa na miungano ya mashirika ya ndege, na mwenye kuishi Afrika Mashariki anapaswa kwanza kujua ni shirika lipi limo katika muungano upi. Kenya Airways imo SkyTeam tangu 2010, Ethiopian Airlines ilijiunga na Star Alliance Desemba 2011, na Qatar Airways imo oneworld tangu 2013. Star Alliance hupima safari kwa maili, katika madaraja ya 29,000, 34,000 na 39,000. Oneworld ina tiketi inayohesabu mabara yatakayoguswa. Masharti ya Star Alliance ni kwamba uelekee upande mmoja, mashariki au magharibi, uvuke Atlantiki na Pasifiki, urudi katika nchi ulikoanzia, na uwe umemaliza katika muda wa mwaka mmoja. Vituo vya kupumzika vyaweza kufika 15. Bei hutegemea pia nchi unakoanzia safari. Ndiyo maana wapo wanaokwenda kwanza nchi nyingine kuianza, ingawa gharama ya kufika huko mara nyingi hula sehemu ya faida.

Kwa mfano, tuchukue safari inayoanzia Nairobi: Addis Ababa, Singapore, Tokyo, Mexico City, Frankfurt, kisha Addis Ababa na nyumbani. Njia hiyo ni takriban maili 26,000, hivyo huingia katika daraja la kwanza la maili. Kati ya Tokyo na Mexico City hurushwa na ANA ya Japani, na kutoka Mexico City hadi Frankfurt na Lufthansa. Sifa yake kubwa ni kwamba haigusi Marekani. Marekani haina utaratibu wa abiria wa kimataifa kubadilisha ndege bila kuingia nchini, hivyo hata anayepita kwa saa mbili sharti awe na viza. Masharti yake kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika yamebadilika mara kwa mara tangu 2025, na haifai kuitegemeza safari nzima juu ya mlango huo mmoja.

Viza ndizo zinazoamua hata namna ya kulipia hoteli. Anayeomba viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na pasipoti yaweza kukaa ubalozini kwa wiki kadhaa huku ubalozi wa Japani nao ukiisubiri. Mexico imekuwa ikiwapokea watalii wenye viza hai ya Schengen au ya Japani bila kuwadai yake, lakini hilo lithibitishwe katika ubalozi wake ulioko Nairobi, tena mapema. Angalizo ni kwamba viza ya Japani ya kuingia mara moja huwa imekwisha kutumika unapoondoka Tokyo.

Kwa sababu hiyo, bei nafuu ambayo hoteli hairejeshi fedha ni mtego kwa msafiri wa pasipoti zetu. Mjerumani anayekwenda Tokyo anaweza kuinunua leo akalala usingizi. Mtanzania au Mkenya hawezi, kwa kuwa jibu la ubalozi laweza kuja siku tano kabla ya kuondoka, na likawa ni hapana. Chumba kinachoruhusu kufuta nafasi hadi siku moja kabla huwa ghali zaidi kidogo. Tofauti hiyo ihesabiwe kuwa bima. Viza zote zikishapatikana, ndipo unaporudi na kutafuta bei bora.

Zamani kazi hii yote ilifanywa na ofisi moja. Pan Am ya Marekani ilianza safari zake za abiria za kuzunguka dunia Juni 17, 1947, na mwaka mmoja nyuma yake ilikuwa imeunda kampuni ya hoteli, InterContinental, ili abiria wake wapate mahali pa kulala kila waliposhuka. Hoteli ya kwanza ilifunguliwa Belem, Brazil, 1949. Ya Nairobi ilifunguliwa 1969 na kufungwa 2020. Shirika mama liliiuza kampuni hiyo 1981, kisha likafa Desemba 1991. Ethiopian Airlines imefanya jambo la kufanana na hilo: hoteli yake ya Skylight, karibu na uwanja wa Bole, ilifunguliwa 2019. Lakini kwa njia iliyosalia, ndege ni za huyu na hoteli ni za yule, na kuzioanisha ni kazi ya msafiri mwenyewe.

Kuoanisha huko huanza na saa ya kutua. Hoteli nyingi duniani hutoa chumba kuanzia saa 8 mchana au saa 9 alasiri, na hutaka kiachwe saa 5 au saa 6 mchana. Ndege za usiku hutua alfajiri. Anayefika saa 12 asubuhi ana saa nane au tisa za kukaa mapokezini na mabegi yake, hata kama hoteli ina nyota tano. Njia ya uhakika ni kulipia na usiku uliotangulia. Hapo pana hatari moja: mgeni asipotokea usiku huo, hoteli huweza kumhesabu kuwa hakuja na kufuta siku zote zilizobaki. Iandikie hoteli, itaje namba ya ndege na saa ya kufika, na upate jibu la maandishi. Njia ya pili ni kutumia bafu za kumbi za kupumzikia abiria wa daraja la biashara, kuacha mabegi hotelini na kutembea hadi mchana. Kwa aliyelala vizuri ndani ya ndege, hii inatosha, na fedha za usiku mmoja hubaki mfukoni.

Kosa jingine ni la tarehe. Ndege inayoondoka dakika 30 baada ya saa sita usiku wa tarehe 12 humtaka abiria awe uwanjani jioni ya tarehe 11. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa macheo na machweo huikosea hii kwa urahisi, maana kwetu usiku huo bado ni ule ule.

Singapore haina ugumu mwingi. Ikiwa kituo ni cha saa chache tu, ndani ya uwanja wa Changi mna hoteli ya abiria wanaopita, inayouza chumba kwa saa. Anayekaa siku tatu aangalie zaidi jinsi bei inavyoandikwa. Ukiona alama mbili za kujumlisha mbele ya bei, ujue bado kuna asilimia 10 ya huduma, na juu ya jumla hiyo asilimia 9 ya kodi, kiwango kilichoanza 2024. Chumba cha dola 300 za Singapore kwa usiku huwa karibu dola 360. Kwa siku tatu, tofauti hiyo inalipa milo ya kutosha katika vibanda vya chakula vya mji huo, na kwa maoni ya mwandishi huyu, milo hiyo ni bora kuliko ya hoteli nyingi za huko.

Tokyo ndiko nyota zinakopoteza maana kabisa. Serikali ya Japani haipangi hoteli kwa nyota, kwa hiyo zile zinazoonekana kwenye matangazo zimewekwa na wauzaji. Vyumba vya hoteli za kawaida za wafanyabiashara mara nyingi huwa na mita za mraba 12 hadi 15, na watu wawili wenye mabegi makubwa manne hawawezi kuyafungua yote kwa pamoja. Tazama mita za mraba kabla ya picha. Kisha tazama treni. Kutoka Singapore unaweza kutua Haneda, iliyo karibu na jiji, lakini ndege ya kwenda Mexico huondokea Narita, umbali wa karibu kilometa 60 kutoka katikati ya mji. Anayelala mtaa wa Ueno hupanda treni ya moja kwa moja na kufika Narita kwa takriban dakika 45. Hoteli ya kifahari upande wa magharibi wa jiji humwongezea safari ya mjini kabla hata hajaanza hiyo.

Mabegi nayo yana ufumbuzi wake. Hoteli za Japani huyapokea na kuyatuma kwa gari hadi uwanjani au hoteli nyingine, kwa kawaida yakifika siku ya pili. Ukitaka kulala katika nyumba ya wageni ya jadi, ambako godoro hutandikwa juu ya mkeka, kumbuka kuwa bei hutajwa kwa kila mtu na hujumuisha chakula cha jioni kinachoandaliwa kwa saa maalumu. Usiifanye kuwa hoteli ya usiku wa kwanza. Ndege ikichelewa, umelipia karamu ambayo hukuila.

Kutoka Tokyo hadi Mexico City ndipo kalenda inapogeuka. Tofauti ya saa ni 15, tangu Mexico ilipoacha kusogeza saa mbele na nyuma mwaka 2022. Tuseme ndege imeondoka Jumatatu saa 11 jioni na kuruka saa 13. Itatua Mexico City Jumatatu hiyo hiyo saa 9 alasiri, saa mbili kabla ya kuondoka kwake. Chumba kilipiwe kuanzia Jumatatu, si Jumanne. Anayezunguka kuelekea magharibi hukutana na kinyume chake: akivuka Pasifiki usiku wa Jumatatu huweza kutua Jumatano asubuhi, na Jumanne kwake haikuwapo. Mifumo ya kuuza vyumba haimwonyi mtu juu ya hili.

Ikiwa kuna mji mmoja katika njia hii unaostahili fedha nyingi za hoteli, ni huo. Saa inasema ni alasiri, mwili unasema ni alfajiri ya usiku ambao haukukamilika, na mji wenyewe uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na usingizi hukatika. Anayetoka Nairobi, iliyo karibu mita 1,800, ataisikia hali hiyo kidogo. Wa Dar es Salaam au Mombasa ataisikia sana. Hapa lipia utulivu: chumba cha ghorofa ya juu, upande wa ndani, mbali na barabara. Eneo la kale la katikati lina uzuri wake, pamoja na kelele zinazoanza mapema, na ni afadhali kulitembelea mchana huku ukilala Polanco au kandokando ya barabara ya Reforma. Mji umejengwa juu ya lililokuwa ziwa, na matetemeko ya Septemba 19, 1985 na Septemba 19, 2017 yaliutikisa vibaya. Si aibu kuuliza mapokezi njia ya kutokea iko wapi.

Frankfurt, bei huongozwa na maonyesho ya biashara. Wiki ya maonyesho ya vitabu, mwezi Oktoba, chumba cha kawaida huuzwa kwa bei ya chumba cha fahari, na wiki nyingine hoteli nzuri hushusha bei. Kalenda ya ukumbi wa maonyesho isomwe kabla ya kuchagua tarehe za safari. Vyumba vya bei nafuu vilivyo mbali hatua chache kutoka kituo kikuu cha treni viko katika mtaa unaojulikana kwa dawa za kulevya na biashara ya ngono. Mwenye familia aulize jina la mtaa, asitosheke na picha ya kitanda. Treni ya mji hufika uwanjani kwa takriban dakika 15, hivyo hakuna haja ya kulala hoteli ya uwanja wa ndege isipokuwa unaondoka alfajiri.

Lakini ndege nyingi za kuja Afrika huondoka Ulaya usiku. Siku ya mwisho unatakiwa kuacha chumba saa 6 mchana, na ndege ni saa nne usiku. Kwa siku hiyo, hoteli itakayokuruhusu kukaa hadi saa 10 alasiri ina thamani kuliko ile yenye bwawa la kuogelea. Wanachama wa ngazi za juu wa makundi makubwa ya hoteli hupewa nafasi hiyo bila malipo. Wengine huipata kwa kuuliza siku ya kuingia, kabla vyumba havijagawiwa kwa wageni wa kesho yake.