Mbinu ya kunasa maneno ya wazee katika video penye kelele

NI nadra Jumamosi kupita katika miji ya Thika na Ruiru bila kamera ya video kuonekana kwenye harusi au ruracio, yaani mazungumzo ya mahari.

Picha huwa nzuri na rangi zake hupendeza. Kasoro hujitokeza baadaye, familia inapoketi sebuleni kutazama. Midomo ya wazee huonekana ikicheza, lakini kinachosikika ni ngurumo ya malori, upepo na honi za bodaboda.

Hasara hiyo haina fidia. Picha iliyoharibika yaweza kufichwa kwa nyingine, lakini kiapo cha ndoa hutamkwa mara moja tu. Isitoshe, huenda sauti ya babu aliyewabariki wajukuu wake siku hiyo isisikike tena.

Wengi hudhani dawa ni kununua kamera ya bei ghali zaidi. Ukweli ni kwamba tatizo kubwa ni umbali. Maikrofoni iliyo ndani ya kamera husimama na mpiga picha, mita kadhaa kutoka kwa msemaji. Kila umbali huo unapoongezeka maradufu, sauti yake hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za mazingira hubaki zilivyo.

Na kelele zenyewe hazikosekani. Barabara kuu ya Thika, ambayo Rais Mwai Kibaki aliizindua rasmi mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, hupita Ruiru na Juja kabla ya kufika Thika. Reli ya kwenda Nanyuki nayo hupitia miji hiyo. Nje ya mji wa Thika, kwenye mashamba mapana ya mananasi, upepo huvuma bila kizuizi.

Suluhisho ambalo waundaji filamu wamelitumia kwa miongo mingi ni kuifunga maikrofoni ya kondensa kwenye ncha ya ufito mrefu, ambao mafundi huuita bumu, na kuining'iniza juu ya msemaji nje kidogo ya picha.

Maikrofoni ya kondensa, ambayo mhandisi Mmarekani E. C. Wente aliibuni mwaka 1916, ina utando mwembamba mno ulio karibu na bamba la chuma. Sauti inapoutikisa utando huo, nafasi iliyo kati yake na bamba hubadilika, na mabadiliko hayo hugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme. Wepesi huo ndio unaoiwezesha kunasa hata mnong'ono, na ndio pia unaoifanya inase msuguano wa vidole kwenye ufito.

Kwa sababu hiyo, maikrofoni haifungwi moja kwa moja kwenye ufito. Hushikiliwa na kishikizo chenye mipira inayonyumbuka, ili mtikisiko wa mikono usiifikie. Kishikizo nacho hukazwa kwa skrubu, na kwa kawaida matundu yake huwa ya inchi 3/8 au 5/8. Yafaa kuhakikisha vipimo vinalingana kabla ya kununua.

Ufito wa mita mbili hadi tatu hutosha kwa sherehe nyingi. Waya huzungushwa juu yake au hupitishwa ndani, kisha hufungwa imara karibu na ncha ili usigongegonge. Aidha, kamba fupi ya usalama huzuia maikrofoni kumwangukia bibi harusi endapo skrubu italegea.

Umeme ni jambo jingine linalowatatiza wanaoanza. Kondensa nyingi za kitaalamu huhitaji volti 48 zinazopitia kwenye waya uleule wa maikrofoni. Tundu dogo la kamera za kawaida halitoi nguvu hiyo. Hivyo basi, hutafutwa kinasa sauti chenye uwezo huo, au maikrofoni inayotumia betri yake yenyewe.

Nje ya nyumba, sponji pekee haitoshi. Kifuniko chenye manyoya marefu huvunja nguvu ya upepo, na swichi ya kukata sauti nzito hupunguza ngurumo ya magari. Mvua ikinyesha, kifaa huondolewa mapema kwa kuwa unyevu ni adui wa kondensa.

Katika kanisa lenye kuta tupu na paa la mabati, tatizo hugeuka kuwa mwangwi. Maikrofoni ndefu zinazosifiwa kwa kunasa sauti ya mbali huweza kuvuruga sauti humo. Afadhali ile fupi, ikisogezwa karibu.

Anayeshika ufito huvua saa na pete, husimama miguu ikiwa imepanuka na kuinua mikono juu ya kichwa. Maikrofoni huelekezwa kwenye kinywa au kifua cha msemaji, kutoka juu na mbele yake. Ili kupata mpaka wa picha, yeye huishusha polepole hadi mpiga picha aione, kisha huiinua kidogo. Pia hujihadhari kivuli cha ufito kisimwangukie msemaji usoni.

Hatari kubwa zaidi ni nyaya za stima. Fito nyingi ni za alumini, chuma kinachopitisha umeme, na katika mitaa mingi nyaya hupita juu ya ua ambamo hema limetandazwa. Mahali pa kusimama huchaguliwa kwa kutazama juu kwanza, wala ufito hauinuliwi karibu na nyaya hizo.

Mwisho, kabla wageni hawajaketi, mtu mmoja huombwa azungumze mahali ambapo mzee atasimama. Maneno yake hurekodiwa kwa dakika moja, kisha husikilizwa kwa hedifoni. Kasoro ikigunduliwa wakati huo, bado kuna nafasi ya kukaza skrubu, kubadilisha betri au kusogea hatua mbili mbele.