Mirabaha: Penye stakabadhi ndipo penye malipo

Mkulima wa korosho wa Mtawanya, wilayani Kibiti, hakabidhi mzigo ghalani bila kupimiwa uzito, kupangiwa daraja na kuandikiwa stakabadhi. Mnada ukipita, karatasi hiyo ndiyo inayomlipa. Mwanamuziki, kwa upande wake, amepeleka mzigo sokoni kwa miaka mingi bila karatasi. Wimbo unapigwa redioni, kwenye mabasi ya barabara ya Kilwa na kwenye baa, lakini hesabu haimfikii.

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara ya programu za kompyuta za kusimamia haki na mirabaha. Programu hizi hufanya kazi ya karani wa ghala. Kila wimbo uliorekodiwa hupewa namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12. Kisha huandikwa mtunzi, mwimbaji na mwenye studio, na fungu la kila mmoja. Taarifa za redio na kampuni za simu zikiingia, programu huhesabu, hukata gharama na kutoa hati ya malipo. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) lina programu yake, WIPO Connect, inayotolewa kwa vyama vya kukusanya mirabaha.

Hapa nchini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, ikaanzisha COSOTA. Januari 2022, COSOTA iligawa mirabaha ya takriban Sh. milioni 312 kwa kazi 5,924. Ukigawanya, ni wastani wa chini ya Sh. 53,000 kwa kazi moja. Waliopigwa sana walipata zaidi, wengine kiasi cha nauli tu. Soko, kwa hiyo, lipo, ila bado ni dogo, na ambaye kazi yake haikuandikishwa hana cha kudai.

Kampuni ya kanda hii iliyokwenda mbali kwa biashara ya kuhesabu nyimbo ni Mdundo, iliyoanzia Nairobi. Ililenga mteja yule yule wa kijana anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu kwa malipo kidogo bila ruhusa ya wenye kazi. Mdundo iliruhusu wimbo kupakuliwa bure, ikauza matangazo, ikahesabu kila upakuaji na kumgawia mwenye haki sehemu ya mapato. Septemba 2020 iliuza hisa katika soko la Nasdaq First North mjini Copenhagen na kukusanya krona za Denmark milioni 40. Wakati huo watumiaji walikuwa takriban milioni 5 kwa mwezi, na mwaka 2022 walipita milioni 20.

Hata hivyo, wingi wa wateja si faida. Katika miaka hiyo ya kukua haraka, kampuni ilikuwa bado inapata hasara, kwani bei ya tangazo kwa msikilizaji wa Afrika ni ndogo na gharama za kutafuta wateja ni kubwa. Mfanyabiashara wa duka anaijua hali hiyo: foleni ndefu dukani, droo nyepesi jioni.

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika sekta hii na aulize maswali matatu. Kwanza, kampuni inalipwa na nani: mtangazaji, msikilizaji au mwenye haki? Pili, inabakiwa na kiasi gani katika kila shilingi 100 baada ya kumlipa msanii? Tatu, daftari lake linakubalika kwa redio na kampuni za simu, au ni lake peke yake?

Mwenye studio ndogo Kibiti hahitaji kununua hisa ili afaidike. Aandike mafungu ya kila mshiriki siku ya kurekodi, yatiwe saini, na kazi isajiliwe kabla ya kupelekwa redioni. Gharama yake ni karatasi na muda. Bila hayo, programu bora kuliko zote haitakuwa na jina la kumlipa.