Homa ya Wiki ya Tatu

Mkulima wa alizeti wa Unyambwa ambaye moyo wake unadunda ovyo, mara mbio mara kusitasita, ana sababu ya kuogopa kiharusi: damu ikizubaa kwenye chumba cha juu cha moyo huganda, na donge likichomoka hukimbilia kichwani. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa vurugu hiyo mara nyingi huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo madaktari hupitisha waya kwenye nena mpaka moyoni, wakaunguza kuzunguka midomo ya mishipa hiyo.

Tatizo ni ujirani. Milimita chache nyuma ya chumba hicho cha juu, ilipo midomo hiyo, umepita umio, njia ya ugali kwenda tumboni, na joto huvuka. Wapo wanaopunguza nguvu ya waya wakifika ukuta wa nyuma, na wanaoweka kipimajoto ndani ya umio, ingawa kipimajoto hupiga kelele joto likishafika. Mimi navutiwa zaidi na mpira laini wa silikoni unaoingizwa mdomoni hadi ndani ya umio mgonjwa akiwa usingizini, maji ya nyuzi 4 yakizunguka ndani yake. Hospitali ya St George's, London, iliujaribu, na siku chache baadaye wagonjwa wakaangaliwa kwa kamera: kati ya 60 waliopozwa, wawili walikuwa na vidonda vya joto, kati ya 60 wengine, 12. Marekani iliukubali kwa kazi hiyo mwaka 2023. Siku hizi, badala ya kuunguza, kuna pia mipigo mifupi ya umeme, ambayo haitegemei joto.

Kidonda kikitoboka, umio na moyo huunganika. Ni nadra, chini ya mmoja kwa kila elfu, lakini wengi wa wanaopatwa hufa. Nacho hakijitokezi wodini. Huja baada ya wiki moja hadi nne, hata miezi miwili. Mtu ametibiwa Dar es Salaam au India, yuko kwake Unyambwa, kilomita zipatazo 700 kutoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Homa inapanda, kumeza kunauma. Zahanati itapima nini kwanza kama si malaria? Na akitapika damu, daktari mwenye nia njema anaweza kumwingiza kamera kooni, hewa inayopulizwa ikapenya tunduni mpaka ubongoni.

Karatasi ya ruhusa basi iandikwe kwa Kiswahili, wino mzito: ameunguzwa moyo tarehe fulani, akipata homa, maumivu ya kifua au kupooza ndani ya miezi miwili, asiingizwe kamera, apigwe CT-Scan ya kifua yenye dawa ya mshipa, na hospitali iliyomtibu ipigiwe simu siku hiyohiyo.